Kura ya Mashuka

Kitabu kile nilikipata kwa sababu ya kifo cha jogoo.

Jogoo alikuwa wa mpishi wetu, na alikufa kifo cha kawaida cha jogoo, yaani Jumapili, kabla ya chakula cha mchana cha walimu. Jumatatu asubuhi zamu ya kusoma matangazo gwarideni ilikuwa yangu. Niliiomba shule nzima isimame kimya kwa dakika moja kumkumbuka mzee wetu aliyetuamsha kila alfajiri bila kudai mshahara, na ambaye ameacha wajane wengi. Bwana Gerishom, naibu wa mwalimu mkuu, alivua kofia yake. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, na nadhani alikuwa ameanza kumwombea marehemu pale mtu wa kidato cha pili alipocheka kwa pua na msiba ukavunjika.

"Baya!" aliniita Bwana Gerishom, akiirudisha kofia kichwani. "Marehemu ni nani?"

"Jogoo, mwalimu."

Nilihukumiwa kupanga stoo ya vitabu vya zamani nyuma ya maktaba, jioni zote za juma lile. Sikukata rufaa.

Shule yetu, Shule ya Upili ya Mitondoo, iko kaskazini ya Malindi, karibu na Mambrui kiasi kwamba upepo ukikubali unaisikia adhana yao. Stoo yake haikuwa imefunguliwa tangu mijusi waitawale. Humo nilikuta atlasi zenye nchi zilizokwisha kufa, na Biblia ambazo mchwa walikuwa wamezisoma hadi Mambo ya Nyakati. Chini kabisa kulikuwa na kijitabu chembamba cha rangi ya chai, Maswali ya Mpiga Kura Mpya. Mwandishi alijiita Mwalimu Mwaringa tu, na alikuwa amekichapisha mwaka mmoja kabla ya uhuru, watu walipokuwa wakijiandaa kupiga kura za kwanza zenye maana maishani mwao.

Nilikifungua nicheke, na mwanzoni nilicheka. Kiliandikwa kwa maswali na majibu, kama katekisimu.

Swali: Kura ni nini? Jibu: Ni neno lako ulilolisema mara moja, ambalo mkubwa wako hawezi kulikatiza.

Swali: Je, mgombea akinipa kofia? Jibu: Ivae, jua ni kali. Kisha umpigie kura umtakaye.

Mwalimu Mwaringa alikuwa na matumaini makubwa mno. Aliandika kwamba baada ya miaka kumi hakutakuwa na mtu nchini atakayeuza kura yake, kwa kuwa kila mtu atakuwa amesoma. Nilimfikiria mjomba wangu wa Junju, msomi wa chuo, mwenye kofia za vyama vyote zikiwa zimepangwa kabatini kwa rangi. Uchaguzi mkuu ukikaribia hanunui unga wala sukari. Anasema anafuatilia siasa.

Lakini katikati ya kijitabu palikuwa na swali moja lililonifanya nikae chini juu ya atlasi.

Swali: Serikali ikiwa yetu wenyewe, bado nitahitaji kuificha kura yangu? Jibu: Wakati huo ndipo hasa. Mkoloni hakulijua jina lako. Mwenzako analijua jina lako, nyumba yako na mbuzi wako.

Hapo sikucheka, kwa sababu nilimjua mtu aliyeyapata hayo.

Anaitwa Sidi, tuko naye kidato cha tatu, na kwao ni Bamba. Sidi hasemi sana. Akisema, unajikuta umekwisha kutii. Lazima nieleze pia jinsi tunavyomchagua rais wa wanafunzi Mitondoo. Hatutumii karatasi. Tunapiga kura ya mlolongo: wagombea wanasimama mbele uwanjani, na kila mwanafunzi anapanga foleni nyuma ya amtakaye, halafu walimu wanahesabu. Bwana Gerishom huusifu utaratibu huu kwa kuwa ni wa wazi. Kweli ni wa wazi. Mwaka uliopita Sidi alisimama kwenye foleni fupi, nyuma ya mvulana aliyeshindwa. Rais mpya na viranja wake waliitazama foleni ile kama watu wanaosoma menyu. Muhula uliofuata, zamu ya kuosha vyoo iliwaangukia watu wale wale, wiki baada ya wiki, na kila walipolalamika waliambiwa ni bahati yao.

Ndiyo maana mwaka huu Sidi alikuwa anagombea. Na ndiyo maana, siku chache kabla ya uchaguzi, alinifuata stoo kuniambia anajitoa.

"Huwezi kujitoa," nilimwambia. "Mimi ndiye mkuu wa kampeni yako."

"Nani alikuteua?"

"Historia."

Hakucheka. Alikaa kwenye rundo la Biblia, akasimama haraka, akakaa mahali pengine. "Leo wasichana wa kidato cha kwanza wamenijia," alisema. "Wamesema, dada, sisi ni wako, tutasimama nyuma yako. Nimewaangalia mikono, Baya. Midogo hivi. Eugene atashinda, hilo kila mtu analijua, baba yake ameipa shule basi. Hao watoto watashika brashi ya choo hadi Krismasi kwa ajili yangu. Mimi niliosha, nikamaliza. Siwezi kumpeleka mtu mwingine."

"Kwa hiyo Eugene ashinde bila mpinzani?"

"Ashinde. Wao wabaki salama."

Nilimpa kile kijitabu. Alisoma lile swali la mbuzi, akarudia, kisha akaendelea na ukurasa uliofuata, ambao mimi sikuwa nimeufikia kwa sababu ya uvivu.

"Sikiliza hii," alisema, akasoma kwa sauti.

Mwalimu Mwaringa alisimulia kwamba zamani chifu mmoja aliwaita watu wa kijiji waseme kama wanakubali shamba lao lichukuliwe lipandwe pamba ya serikali. Wanaokubali wasimame huku, wasiokubali kule, na karani ayaandike majina ya wa kule. Siku ilipofika, wanawake wa kijiji walikuja wote wamejitanda leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wa huku na wa kule, hata macho hayaonekani. Chifu akawahesabu. Akarudi nyumbani na idadi, bila majina.

Tulitazamana. Kwa mbali mpishi alikuwa akimfokea mtu kuhusu sufuria.

"Wavulana hawana leso," alisema Sidi.

"Wana mashuka."

Ilinibidi nitoke nje nizunguke ile stoo kwa furaha. Niliporudi, Sidi alikuwa amekwisha kuliona tatizo.

"Wakijifunika wangu peke yao, ni sawa na kuvaa bango. Lazima wajifunike wote. Na wa Eugene pia."

"Eugene hatakubali."

"Basi najitoa," alisema, akanirudishia kijitabu. "Kamwambie hivyo, mkuu wa kampeni."

Eugene nilimkuta kwenye kamba za nguo, akianika soksi zake kwa jozi. Si mtu mbaya, na hilo lilinisumbua sana katika kampeni. Alizaliwa Thika, akaletwa pwani baba yake alipohamishia biashara ya vifaa vya ujenzi Malindi, na bado anasema "hii jua" kana kwamba ni mtu aliyemkosea.

"Hapana," alisema nilipomaliza kueleza. "Kwa nini nifanye hivyo? Mimi nashinda."

"Hilo hatulikatai."

"Sasa?"

"Unashinda wewe, au linashinda basi?"

Aliacha soksi moja ikining'inia bila mwenzake.

"Wewe Baya ni mjinga sana," alisema.

"Inasemekana. Lakini fikiria, ndugu yangu. Kesho kutwa watapanga foleni nyuma yako nusu ya shule. Utageuka, utawaona wanakuchekea. Utajuaje nani anakupenda na nani anaogopa vyoo? Hutajua. Mwaka mzima utakuwa rais na hutajua."

Alinyamaza muda mrefu kuliko alivyonyamaziwa jogoo. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo kwamba tangu basi lile lije, hakuna mtu aliyewahi kumnyima kalamu, wala mchezo wa drafti hajashindwa hata mara moja. "Na mimi draft sijui," alisema. "Mimi hucheza vibaya kabisa."

"Vibaya mno. Mimi mwenyewe nimekuachia."

"Nilijua!" Akaichukua ile soksi akanipiga nayo. Kisha akasema sawa, atawaambia watu wake.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Bwana Gerishom alisimama uwanjani na kipaza sauti. Wagombea wawili walikuwa wamesimama mbele, wakitazama bendera, migongo yao kwetu. Eugene alikuwa amepewa upande wenye kivuli cha mwarobaini. Sidi alipewa jua. Sidai kwamba ilipangwa. Nasema tu kwamba kivuli kilikuwa upande ule na Bwana Gerishom ndiye aliyechora mistari kwa chokaa.

"Bweni baada ya bweni," alitangaza. "Kwa utulivu, kwa uwazi, kwa—"

Hapo bweni la kwanza likatokea.

Nimewahi kufanya utani mwingi maishani mwangu, lakini mbele ya ule, mwingine wote ulikuwa mazoezi. Walikuja kwa mstari, kimya, mashuka ya buluu yenye mistari yamewafunika hadi vifundoni, kila mmoja ameshika kiuno cha aliye mbele kwa kuwa hakuna aliyeona vizuri. Nyuma yao likaja bweni la pili, na la tatu. Upepo wa baharini ulizipeperusha zile pindo. Wasichana walitokea upande wao, nao hivyo hivyo. Mtu mmoja aliingia kwenye ua wa vichaka akatoka. Mwingine alipiga chafya na shuka likavimba kama tanga. Kufumba na kufumbua uwanja ulikuwa umejaa watu wasio na nyuso.

Kipaza sauti kilitoa mlio mkali.

"Hii ni nini?" aliuliza Bwana Gerishom. "Mmekufa?"

Foleni zilikuwa zinajipanga, moja kivulini, moja juani, na mimi nikiwa kwenye ile ya juani, nikichungulia kwa tundu la shuka langu, nilimsikia mtu nyuma yangu akinong'ona, "Kumbe ndani ni baridi." Mwingine akasema, "Usinikanyage, shetani wewe."

Bwana Gerishom si mtu wa kushindwa kirahisi. Alizunguka foleni ya Sidi mara moja, polepole, mikono nyuma. Halafu akasimama. Akainama. Akashika pembe ya shuka moja, akaisoma kwa sauti.

Kila shuka Mitondoo lina namba ya mwenyewe, imeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye pembe. Mama zetu huzishona kabla ya siku ya kwanza ya shule, ni sharti. Nimelala juu ya namba za namna hiyo kwa karibu miaka mitatu. Nilikuwa nimewaza kila kitu, nyuso, miguu, viatu, hata kikohozi cha Lynn wa darasa letu, ambacho kila mtu anakijua, na sikuwa nimeiwaza pembe ya shuka. Tulikuwa tumewaambia watoto wa kidato cha kwanza waje wamejificha, na kumbe tumewaleta wamejiandika.

Mbele, mgongo wa Sidi ulikakamaa. Hakugeuka, lakini nilijua ameelewa.

"Elfu tatu mia mbili na kumi!" aliita Bwana Gerishom kwa kipaza sauti. "Jifunue, tuonane!"

Hakuna shuka lililosogea.

"Elfu tatu mia mbili na kumi! Nakusoma hapa!"

Karani wa shule, Bi Easter, aliyekuwa amekaa kwenye kiti na daftari la hesabu, aliinua shingo. "Mwalimu, huyo ni Kahindi. Si alimaliza? Siku hizi yuko chuo hapo Kilifi. Tulimpa cheti chake juzi juzi."

Bwana Gerishom aliliacha lile shuka kama lililomchoma. Akaenda kwa la pili. Akaita namba. Bi Easter akasema huyo ni msichana aliyehamia Voi. La tatu lilikuwa la mtu ambaye wakati huo huo alikuwa amelazwa zahanati na mafua, na hilo lilihakikishwa na muuguzi. Kufikia la nne nilianza kuelewa, na mashuka yote yakaanza kutikisika kidogo, kwa sababu chini yake watu walikuwa wanaelewa pia.

Mitondoo hakuna mtu anayelala kwenye shuka lake. Tangu shule ianzishwe mashuka yanaibwa. Ukianika la kwako, unarudi jioni hulikuti, unachukua la jirani, jirani anachukua la mwingine, na hivyo namba zinatembea kutoka bweni hadi bweni, wenyewe wakimaliza shule mashuka yanabaki. Wazazi wameandika barua. Bwana Gerishom ameunda kamati mbili. Na wizi huo uliotushinda kwa miaka yote ulikuwa umetuchanganya vizuri kuliko sanduku lolote la kura.

"Elfu nne na mia tano!" aliita Bwana Gerishom, sauti imeanza kukwaruza.

"Ni mimi, mwalimu!" ilijibu sauti. Haikutoka kwenye foleni ya Sidi. Alikuwa Eugene, mbele kabisa ya foleni ya kivulini, akiwa bado anaitazama bendera.

"Wewe? Shuka lako linafanya nini kwa mpinzani wako?"

"Liliibwa mwaka jana, mwalimu. Niliripoti kwako. Ulisema utalifuatilia."

Hapo mashuka yalicheka. Siwezi kusema nani alicheka, na hakuna mwingine anayeweza.

Madam Mwikali, mwalimu mkuu, alikuwa ametoka ofisini na kikombe chake cha chai, amesimama barazani. Yeye ni mtu wa Machakos, mtaratibu, hapandishi sauti hata kengele ikikwama. Bwana Gerishom alimpandia ngazi.

"Madam, naomba uchaguzi huu ufutwe. Huu ni mzaha."

"Inawezekana," alisema Madam Mwikali. "Wamepanga foleni?"

"Wamepanga."

"Kuna aliyesimama kwenye foleni mbili?"

"Hapana, lakini madam, mimi siwajui!"

"Ulitaka kuwajua kwa nini?"

Bwana Gerishom alifungua kinywa. Alikuwa mtu mwaminifu kwa namna yake, na nadhani alitafuta kwa dhati sababu ambayo ingeweza kusemwa kwa sauti mbele ya shule. Aliikosa.

"Hesabu vichwa, mwalimu," alisema Madam Mwikali, akanywa chai.

"Sivioni vichwa, madam."

"Basi hesabu mashuka."

Yalihesabiwa, na walimu wawili wakayahesabu tena. Tulisubiri tukitoka jasho. Kisha Bi Easter akatangaza, na ikawa Eugene ameshinda, kwa tofauti ya watu ambao wangetosha benchi moja la bwalo.

Nilifanya kama wanavyofanya wakubwa wetu. Nilikimbia mabwenini pamoja na wengine, nikalitupa shuka, nikarudi kwa Sidi nikihema, na nikatangaza kwamba tumeibiwa.

"Tumeibiwa nini?" aliuliza Sidi.

"Ushindi! Ile foleni ya kivulini ilikuwa na watu wamejikunja, walihesabiwa mara mbili. Na kivuli chenyewe ni hongo. Tuandike malalamiko, tudai irudiwe."

"Baya, wewe ndiye uliyewaomba wajifunike."

"Niliwaomba wajifunike wakuchague!"

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati ndani nje na bado hajaambiwa. "Mwaka jana yule niliyesimama nyuma yake alipata watu wa kujaza tuktuk," alisema. "Leo tumekosa benchi moja. Hao wote hawakuogopa. Na wale wa kivulini, labda wanampenda Eugene kweli. Wana haki ya kumpenda."

"Draft hajui hata kidogo."

"Nyamaza, Baya."

Nikanyamaza. Nikaona niende kula.

Bwaloni jioni kulikuwa na ugali na maharagwe, na kulikuwa na jambo la ajabu. Rais wetu mpya alikuwa anazunguka meza. Mwaka jana, saa kama hiyo, yule aliyemtangulia alikuwa amekwisha kukaa na watu wake kwenye meza ya pembeni, wakila mapaja ya kuku yaliyotoka jikoni kwa njia zisizojulikana, wakipanga zamu. Eugene hakuwa na watu wake. Alikuwa ameshinda na hakumjua hata mmoja aliyemshindisha. Alisimama mbele ya meza ya kidato cha kwanza akawasalimia kila mtu kwa jina, na asilolijua aliliuliza. Aliwamiminia maji. Kila uso aliouangalia ungeweza kuwa wa rafiki yake, au wa mtu ambaye angepaswa kumbembeleza mwaka ujao. Hakuwa na namna ya kujua, kwa hiyo ilimbidi awe na adabu kwa wote.

Viranja wawili walimfuata na karatasi ya zamu ya vyoo. Tulimsikia akiwaambia, "Pangeni kwa bweni. Kila bweni wiki yake. Na sisi viranja tuwe wa kwanza." Wale viranja walimtazama kana kwamba naye amejifunika shuka.

"Umemwona?" nilimwambia Sidi. "Anaogopa."

"Acha aogope kidogo," alisema Sidi. "Kidogo tu kinatosha."

Hatimaye Eugene alifika kwenye meza yetu. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni, na hakuwa amekula. Alisimama mbele ya Sidi akipangusa mikono kwenye suruali.

"Sikiza," alisema. "Mimi sijawahi kuwa rais wa kitu. Nianzie wapi?"

Sidi alisogea kwenye benchi, akanisukuma mimi hadi nikakaa nusu hewani.

"Kaa kwanza," alimwambia. "Kula. Ugali unapoa."